Kona ya Sijui

Ubao wa darasa la tano, katika shule moja ya msingi upande wa Chilangala, ulikuwa na kona isiyofutwa. Pale Mwalimu Zuhra aliandika neno moja: SIJUI. Swali lililomshinda liliingia chini yake, naye alijipa mpaka Ijumaa kulitafutia jibu. Alifundisha hivyo miaka thelathini na miwili, na wenzake wakamcheka miaka hiyo hiyo.

Sasa alibakiza miezi mitatu astaafu, na swali la mwanafunzi wake Shamsia lilikuwa limemganda tangu Machi. Kwa nini korosho inakaa nje ya tunda lake, wakati mbegu za machungwa na mapapai zimo ndani? Watu wazima, waliozaliwa mikoroshoni, walijibu kwamba ndivyo Mungu alivyoiumba. Jibu zuri, ila Mwalimu halikumshibisha.

Mwalimu mkuu, Erasto, alikuwa na presha zake. Wathibiti ubora wa shule walikuwa njiani.

"Mama Mujibu," alimwambia Mwalimu Zuhra, "wageni wasilikute neno hilo. Watasema walimu wangu hawajui kitu."

"Nipe mpaka siku yao. Nikishindwa, nafuta mwenyewe."

Akafunga uzi mwekundu kwenye tawi la mkorosho wake, akawa analipima kwa rula kila asubuhi, miwani puani, majirani wakidhani kachanganyikiwa. Korosho ikatangulia kutoka, kijani, peke yake. Ikanenepa, ikatimiza umbo lake, na bibo, lile tunda lake tamu, halijaonekana. Ndipo kikonyo kilichoibeba kikaanza kuvimba. Mwalimu alikaa mchangani akacheka. Tunda lilikuwa korosho yenyewe! Bibo alilolila tangu utoto lilikuwa kikonyo tu.

Siku ya ukaguzi alilieleza darasa hayo, tawi mkononi. Mthibiti, mama mmoja mkavu kutoka Masasi, akauliza kikonyo kinavimba kwa faida ya nani. Erasto akafumba macho.

"Sijui," alisema Mwalimu Zuhra, akaliandika swali kwenye kona. "Mwalimu anayejua yote ameshastaafu, hata kama bado anapokea mshahara."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani.

Siku ya kuaga, Erasto alimpeleka darasa la tano. Neno SIJUI lilikuwa limeandikwa upya kwa rangi ya mafuta, lisifutike tena. Mwalimu Zuhra alilia kwa furaha, wala hakujificha. Chini ya neno hilo palikuwa na swali jipya la chaki, kwa mwandiko wa mwalimu mkuu.