Nililinyamazisha Lori la Mjomba

Ukurasa huu wa ushauri umewafichia wengi majina, nami naomba langu lifichwe, kwa maana Isiolo ni mji mdogo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, bado nasoma. Si mtu wa maneno mengi. Hata mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua, hunibidi nimeze mate kwanza. Kuandika ndiko ninakoweza. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Nalelewa na mjomba wangu, ambaye sisi Waborana humwita abuya. Ana lori kuukuu la kupeleka unga, sukari na majani ya chai Korbesa, anakoishi mama yake, yaani nyanya yangu. Zamani aliikata ekzosi, lile bomba la moshi, akatupa sailensa inayopunguza sauti ya injini, akaweka kipande kifupi cha bomba, akisema eti lori litapata nguvu mchangani. Nguvu sijui, lakini kelele ilipatikana! Lilinguruma na kupasuka kama risasi. Kila likipita karibu na shule, wenzangu walijitupa chini ya madawati wakicheka, kana kwamba waasi wamevamia, "Shifta hao! Laleni!" Kisha wote walinigeukia. Siku moja mwalimu aliweka chaki chini, akaniuliza, "Wewe, gari lenu litaturuhusu kusoma lini?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi abuya akaugua malaria. Akanituma gereji: "Mwambie Fundi atazame breki. Breki tu." Fundi huyo ni Mmeru, rafiki yake wa miaka mingi, hawakutani bila kutaniana. Nikafika, nikasema breki. Halafu mdomo wangu, huu ambao darasani haufunguki, ukaongeza, "Na amesema utie sailensa."

Fundi akacheka. "Leo Mborana amepata masikio! Mwambie amechelewa, mimi nimeshakuwa kiziwi." Akachomelea moja aliyoitoa kwenye gari bovu. Abuya alipopona na kuwasha lori, alishangaa. Nikamwambia kwamba Fundi amemtilia kama zawadi. Akatabasamu. "Huyu Mmeru ananipenda kuliko ndugu zangu." Nami nikarudi kwenye kitabu changu.

Nililosahau, nalo nalijua kuliko mtu yeyote darasani, ni hili: tangu vita hivi vya shifta vianze, watu wa Korbesa wanaishi kwa masikio. Magari ya askari yakija huchukua wanaume kwenda kuhojiwa, na wengine hawajarudi. Kwa hiyo injini wasiyoijua ikisikika, kila mtu hukimbilia vichakani. Lakini kelele ya abuya ilifika kabla yake, na kina mama walisema, "Huyo ni wetu, kaeni." Likizo iliyopita mimi mwenyewe nilikimbia barabarani pamoja na watoto kuipokea.

Safari ya kwanza yenye sailensa, abuya alifika bila kelele. Watu walipoisikia injini, ilikuwa karibu sana. Wakatawanyika, wakaacha chai motoni. Nyanya akaanguka kwenye mawe, akavunjika mguu. Abuya alipoinama amwinue, nyanya alifunika uso kwa mtandio, akalia, "Niache, mwanangu hayupo hapa." Alimwambia hivyo mwanawe mwenyewe.

Sasa wazee wa Korbesa wanasema mtu hanyamazishi gari lake bure. Lazima ametumwa awaletee askari. Abuya ameing'oa ile sailensa na lori linanguruma kama zamani, lakini safari iliyofuata walikimbia vilevile. Alikuta nyumba tupu, na nyanya ndani ya moja, kwa sababu hawezi kukimbia. Amerudi na neno moja mdomoni. "Zawadi! Nani hutoa zawadi namna hiyo? Fundi alitumwa." Fundi alipokuja kumpa pole, abuya aliingia ndani akafunga mlango. Fundi alinitazama mimi, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nikainamia kitabu.

Wazee wanamtaka abuya, kabla ya Ramadhani, ashike Kurani na kuapa ni nani aliyelinyamazisha lori. Ataapa kwamba ni Fundi, kwa uamuzi wake mwenyewe. Kitakuwa kiapo cha uongo naye hajui, na mtu asiye na kosa atabaki na jina la mpelelezi katika mji huu wenye bunduki kila upande.

Jana abuya aliketi karibu nami nikisoma. Akasema, "Soma, mtoto wangu. Katika nyumba hii ni wewe tu ambaye hujanigeuka." Nilifungua mdomo. Nikameza mate. Nikafunua ukurasa uliofuata.

Leo lori limepita tena karibu na shule na wenzangu wamelala chini wakicheka. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba kelele ile haimwiti tena mtu yeyote Korbesa. Ninyi mliokaa na watu wazima mkawajua, niambieni: nimpe abuya barua hii aisome mwenyewe, au nipande lori naye, nikayaseme haya mbele ya wazee na nyanya, kwa mdomo uleule uliodanganya? Na nikimaliza kusema, wataacha kukimbia?