Kisanduku cha Jina la Mama

Harufu ya vumbi linalopata moto nyuma ya skrini ya zamani hunirudisha Temeke, chumbani kwa mjomba Salehe, na hadi leo hunitia wasiwasi. Enzi hizo vitu vya Dubai ndiyo kwanza vimeanza kumiminika, na mjomba alileta kompyuta iliyokwisha kutumika pamoja na diski moja. Ndani ya diski, alinieleza, kulikuwa na madirisha, visanduku na vitufe vilivyotengenezwa tayari na watu tusiowajua. Kazi yetu ilikuwa kuviita tu. Unaandika mstari mmoja, dirisha hilo hapo. Alipanga kufundisha watoto wa mtaa, na mimi, binti wa dada yake, ndiye niliyekuwa chambo cha wateja.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa rahisi: andika jina lako, andika la mama yako, bonyeza kitufe, ikusalimie. La mama niliweka kwa sababu mtaani kwetu kina Mwajuma walijaa kila nyumba, na la mama ndilo lingewatofautisha.

Wa kwanza kukaa alikuwa jirani yetu, Mama Zuhura. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja huku akicheka. Alipofika kisanduku cha pili, akanyanyuka na kujifunga kanga upya.

"Jina langu na la mama yangu? Si ndivyo anavyoulizaga mganga akitaka kupiga ramli?"

Habari zikaenea mtaani, na kufikia jioni hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukanyaga kwetu. Bibi yangu, mama yake mjomba na mwenye nyumba ile, akaja akasimama mlangoni, mbali na skrini.

"Nikishabonyeza hapo, jina la mama yangu linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, mama," mjomba akamjibu.

"Hicho kitufe umekitengeneza wewe?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje?"

Bibi akataka mashine itoke nyumbani kwake kabla ya Ijumaa, na ikatoka. Nililia mpaka kwikwi, na kwa miaka mingi nilimwona bibi mshamba kuliko washamba wote.

Siku hizi kutengeneza programu ndiko kunakonilisha, na bado naita vitufe vya watu nisiowajua. Juzi nilikwenda kusajili laini ya simu, skrini ikataka jina la mama yangu. Nikamuuliza binti wa kaunta linakwenda wapi.

"Mfumo ndo unataka, dada."

Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nikaliandika, nikabonyeza, na moyoni nikamwonea haya bibi yangu.