Pamba ya Mayu Ndani ya Injini

Leo nusura niue injini mbele ya mwenyewe. Na aliyeiokoa hajawahi kushika spana!

Niko gereji kwangu hapa Bariadi, namalizia ile pikipiki kuukuu ya matairi manne, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Pistoni mpya, ringi mpya, silinda nimeichongesha.

Mwenyewe ni mama mmoja wa Ngulyati, mayu kwa Kisukuma chetu, mkulima wa pamba. Amekaa kwenye stuli tangu asubuhi, macho kwenye mikono yangu.

Nikafunga kila kitu. Nikanyanyua mguu nipige kiki.

Akanidaka suruali!

"Ile pamba yangu umeitoa?"

Jamani. Asubuhi nilimwomba bonge la pamba nizibe chini ya pistoni, vidude visidumbukie ndani. (Huku kwetu nani anahangaika kutafuta tambara?)

"Nimeitoa, mayu."

Nikaangalia kwenye beseni la vitu nilivyovitoa. Haipo.

Nikafungua upya, jasho linanitoka. Imo! Na vidole vyangu vinene havipiti.

Mayu akanisogeza. Akaingiza vidole viwili, akazungusha kidogo, ikatoka nzima kama inavyotoka kwenye tumba. Hata unyuzi haukubaki.

Mafundi, msinicheke. Semeni ninyi mmewahi kusahau nini humo ndani!

Nikafunga tena. Kiki moja tu, ikanguruma, moshi ukajaa gereji nzima.

Mayu akaitazama pamba yake, nyeusi kwa oili.

"Nimechuma pamba tangu utoto," akasema. "Hii ndiyo ya kwanza kuichuma mara mbili."