Kitanda cha Kaka Asilalie Mtu

Mimi ni mwongo, na balaa langu ni kwamba uongo wangu umependwa. Kila jioni nausikia barazani ukisemwa na watu wazima wenye ndevu. Wanacheka, na mimi nacheka nao.

Nisikilize, ndugu msomaji, usinihukumu kabla hujafika mwisho. Jina langu silitaji, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Kitanda tu ndicho sikuweza kukibadilisha.

Kwetu ni huku milimani, Kisarawe. Gari la sinema likija likafunga shuka lake uwanjani, maneno yake hukaa nasi mpaka litakaporudi. Ikisha sala ya alasiri watu hukaa barazani, na kila mtu hutoa neno lake alipendalo. Mzee Pazi neno lake ni la yule mkulima wa kwenye picha ya muhogo: "Ng'oa mgonjwa, mzima apone." Akilisema humkumbuka marehemu mkewe, maana siku ile walikalia mkeka mmoja, na bibi yule alicheka mpaka akapaliwa na karanga. Fundi Shomari analo la yule mpanda farasi mwenye kofia pana: "Shuka, tuonane chini." Anasema tangu alipolisikia hamwogopi tena baba mkwe wake. Tunamwambia mwongo, mbona juzi ulimpisha njia ukaingia kwenye miba.

Kisha hakosi mtu wa kusema, "Lakini jamani, lile la Salumu halina mwenziwe." Na wote hulisema kwa pamoja: "Mama, kitanda changu asilalie mtu. Naja."

Hilo ndilo langu. Salumu hakulisema. Nililitunga mimi.

Salumu ni kaka yangu mkubwa. Alilelewa Chole kwa bibi yetu mzaa mama, pamoja na wajomba zetu waliokuwa wadogo bado. Alirudi kwetu akiwa kijana mkubwa, akaoa binti wa jirani, Mwanahawa, na hata mkeka wa harusi haujachakaa akachukuliwa vitani. Akapelekwa Burma. Vita vilipokwisha wenzake walirudi, yeye hakurudi. Jumbe alikuja na habari kwamba hajulikani aliko. Hakusema amekufa, hakusema yu hai. Mama alikaa chini pale pale mlangoni.

Sasa, gari la sinema lilipokuja baada ya habari ile ya jumbe, lilileta picha ya askari wetu waliokuwa vitani. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na kwa hiyo Kizungu cha sinema kijijini kwetu natafsiri mimi. Nakaa mbele, napaza sauti, watu wanasikia. Siku ile nilikaa na mama, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza ukungu.

Askari walipita kwenye tope, wakicheka. Mmoja akageuka akatutazama, akasema kitu. Midomo ilicheza, lakini sauti yake hatukuisikia. Iliyosikika ni ya Mzungu, akieleza habari za madaraja.

Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Yule si Salumu?"

Hakuwa Salumu. Alikuwa kijana wa watu, pua yake nyingine kabisa.

"Ndiye," nikasema.

"Anasema nini?"

Ningesema sikusikia, yangeisha. Lakini mama alikuwa bado amenishika mkono, na mimi nilikuwa nimezoea kwamba nikiulizwa kilichosemwa, nina jibu. Nikasema, "Anasema, mama, kitanda changu asilalie mtu. Naja."

Mama akapiga kigelegele. Wa mkeka wa nyuma wakauliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakawaambia wengine, na shuka lilipokunjwa uwanja mzima ulikuwa umeshamwona Salumu. Mwenye gari aliniambia wakati anakunja nyaya zake kwamba picha zile zilipigwa zamani, vita vikiwa bado vimepamba moto. Watu wetu walidhani kinachoonekana shukani kinatendeka leo. Nami nikanyamaza.

Ulimi hauna mfupa, bwana. Tangu siku ile mama alikataza hitma isisomwe. Kitanda cha Salumu kikasukwa kamba mpya, na kila Alhamisi Mwanahawa hukitandika shuka safi. Watu wakalichukua neno, likawa mzaha wa mtaa. Mtu akiinuka kwenye bao kwenda haja anasema, "Kitanda changu asilalie mtu." Wanawake wakalitia katika nyimbo za ngoma.

Aliyefungwa na neno hilo ni Mwanahawa. Si mke wala si mjane. Hawezi kukaa eda, kwa sababu mumewe amesema anakuja. Hawezi kwenda kwao, kwa sababu kitanda kina nani wa kukitandika. Alikuwa msichana alipoingia nyumba ile, na sasa nywele za kando zinaanza kuwa nyeupe.

Akapatikana mtu wa Kongowe, seremala, mtu mpole, aliyempenda kweli. Akatuma wazee. Mwanahawa akajikaza, akaenda kwa Liwali kuomba afunguliwe kama sheria inavyompa mke ambaye mumewe amepotea. Liwali akauliza kama yupo aliyemwona mume huyo tangu habari ya jumbe. Watu wote wakanitazama mimi.

Ndugu yangu, pale ndipo ningeweza kumponya Mwanahawa. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, ushungi umefika usoni, amenitegea sikio. Nikalirudia neno lile mbele ya Liwali, herufi kwa herufi. Liwali mwenyewe akafuta macho. Akasema, "Rudi nyumbani, binti yangu. Mumeo anakuja."

Njiani mama alitangulia na wenzake. Tulipofika karibu na nyumba Mwanahawa akasimama.

"Shemeji, nikuulize. Siku ile, mimi hakunitaja?"

Nikamwambia, "Hakukutaja."

Akaitika kwa kichwa, akaenda zake kuteka maji. Sikupata kuona aibu kama ile. Katika kumtungia mumewe maneno, hata mimi sikumkumbuka.

Nilikata shauri nikamwambie mama ukweli. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta mpunga. Nikamwamkia, akaitika, nikakaa. Nikaanza, "Mama, lile neno la kaka..." Hakuniacha nimalize.

"Kaka yako alikuwa akiniitaje?" akauliza.

Hapo nikalijua kosa langu. Maana kaka alikulia kwa bibi pamoja na wadogo zake mama, akawasikia wanamwita mama "dada", naye akamwita dada. Mpaka siku anapanda gari la vitani alimwambia, "Dada, kwaheri." Mimi ndiye ninayemwita mama. Nilimtia kaka mdomoni neno langu mwenyewe.

"Ulijua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu pale pale mkekani. Kigelegele kilikuwa kimekwisha kutoka."

"Sasa kwa nini, mama? Na Mwanahawa je?"

Akaendelea kupepeta, makapi yanaruka. "Siku Mwanahawa akitoka mlango huu, Salumu naye anatoka. Mimi sina Salumu mwingine. Wewe ulinipa, usininyang'anye. Ukisema, radhi zangu huna."

Basi niko hapo mpaka leo. Nikisema, namzika kaka kwa mkono wangu na mama ananifuata kwa laana. Nikinyamaza, namzika Mwanahawa yu hai. Nakula nao chakula kimoja. Mwanahawa ananipakulia, ananiambia, "Karibu, shemeji," na mama ananitazama juu ya sinia kwa macho yale yasiyoona vizuri. Nimekonda mpaka watu wanauliza kama nimerogwa.

Seremala wa Kongowe ametuma salamu kwamba atangoja mpaka mavuno haya ya mpunga. Baada ya hapo ataoa watakakomwonyesha wazee wake. Mpunga umeshaanza kuinama.

Enyi wenzangu mnaojua kusoma, mnaowatafsiria wazee wenu, nawaomba. Kama hukusikia, sema hukusikia. Usimtie maneno mdomoni mtu ambaye hawezi kurudi kuyakana. Huruma ya uongo nimeionja, ni tamu siku ya kwanza tu, na anayelipa ni mtu ambaye hata hukumfikiria.

Mtaniuliza kwa nini naandika gazetini na nyumbani nanyamaza. Nitawaambia. Gazeti hili huja kwetu kwa basi, na kijijini kwetu anayelisoma kwa sauti barazani ni mimi. Wanaume hukaa mbele. Wanawake hukaa ukumbini nyuma ya pazia, Mwanahawa akiwamo, na mama huletewa kigoda chake. Mhariri akiipokea barua hii, siku moja nitalifunua gazeti mbele yao na kukuta maneno yangu haya, na wao watakuwa wananitegea masikio.

Mama alinikataza kusema. Kusoma hakunikataza. Ndivyo ninavyojidanganya, na sijui ulimi wangu utafanya nini siku hiyo.

Basi wewe unayesafiri huku kwetu, ukikuta baraza watu wamekaa na mtu mwembamba anawasomea, kisha ukamwona anafunua kurasa mbili kwa pamoja, tafadhali msimamishe. Mwambie arudi nyuma, asome na ukurasa ule alioruka.