Perigo ya Fundi Gaudens

Fundi Gaudens wa Nachingwea alikuwa na mdomo, jamani! Na mdomo huo alipewa na kitabu. Mwaka tisini na nne, mkimbizi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Msumbiji alimwachia kitabu kinene cha ufundi wa trekta, kimeandikwa Kireno. Kireno chenyewe Gaudens hakujua hata salamu. Alisoma picha. Na tuseme ukweli, picha zilikuwa safi: kila nati mahali pake. Kwa picha hizo alifufua matrekta yaliyokwishageuzwa mabanda ya kuku.

Ukimbishia, anakifungua. "Sisemi mimi, kitabu kinasema!" Nani atabishana na kitabu?

Majina ya vipuri aliyaokota humo humo. Kwenye ukurasa wa shafti, ile inayozunguka nyuma ya trekta kuendesha mashine nyingine, palikuwa na mshale mwekundu ulioelekea kwenye bomba la bati linaloifunika, na neno kubwa: PERIGO. Basi bomba likaitwa perigo, na mafundi wote mpaka Ruangwa wakaiga. Gaudens hakuipenda hiyo perigo. Inazuia kupaka grisi, inapiga kelele. Kila trekta aliloshika, aliitoa akaitupa kando.

Mwaka 2001 aliitwa Narung'ombe kwa mzee Anselmo, ambaye trekta lake liliendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Magreti, mke wa fundi, alifuatana naye, akaungana na wanawake wa pale kulisha mashine. Ilipofika saa nne asubuhi kazi ya fundi imekwisha, perigo iko chini, shafti inazunguka uchi. Fundi akaenda barazani kula.

Valentina, mke wa Anselmo, ndiye aliyemwandalia ugali. Alizaliwa Mueda, kule Msumbiji, akasomeshwa Kireno na masista. Alipokiona kitabu alifurahi, akafunua, akasoma. Kisha akaweka kidole kwenye neno lile kubwa.

"Fundi, hii perigo unayoitaja kila saa, unajua maana yake?"

"Ni jina la lile bomba, mama."

"Jina? Perigo ni hatari! Imeandikwa hapa: bomba likitolewa, usiwashe mashine. Shafti itashika nguo, itamvuta mtu, itamuua."

Mungu wangu! Miaka saba! Matrekta mangapi? Akageuka, akamwona Magreti na kanga yake kiunoni, hatua mbili tu kutoka kwenye shafti. Akatimua mbio, akapiga kelele kwa neno lililokuwa limemjaa kinywani.

"Perigo! Magreti, perigo!"

Magreti alisikia. Mke wa fundi huyo, vipuri vyote anavijua. Akainama haraka chini ya shafti kuliokota bomba.

Kanga ikanaswa. Ikajisokota, ikamvuta, wanawake wakapiga yowe, Anselmo akaruka kuzima injini. Bahati yake ilikuwa kanga kuukuu, ikachanika. Magreti akaanguka, amebaki na gauni lake, ubavu umechubuka, yu hai. Kipande kilichobaki kwenye shafti kilikaza kama kamba ya ng'ombe, mpaka wakakikata kwa panga.

Gaudens alipiga magoti kwenye magunzi, mdomo wote ule umekauka. Magreti akajiinua taratibu, bomba bado liko mkononi, akamnyooshea.

"Baba Jastin, si uliitaka perigo? Hii hapa, ichukue."