Shimo Linaonekana Kutoka Mbali Gani

Jumamosi moja, nyumbani kwetu Kalemie, niliua watu zaidi ya sabini kabla ya chakula cha mchana. Niliwaua kwenye kompyuta, katika mchezo wa vita ambao kaka yangu mkubwa huucheza ili ashinde. Mimi sikutaka ushindi. Nilitaka kujua jambo moja tu: watu waliojificha shimoni, adui huwaona akiwa mbali kiasi gani?

Nilichimba handaki kwenye uwanja wa mchezo, nikaweka watu wanne ndani, nikawakataza kufyatua risasi. Kisha nikamsogeza adui kidogo kidogo. Akiwaona, alama nyekundu inatokea juu ya handaki, na mauaji yanaanza. Naandika umbali daftarini, nafuta maiti, naanza upya.

Kaka alikaa nyuma yangu akila ndagala za kukaanga, ananicheka.

"Unaua watu bure. Cheza!"

Nilitamani kumpiga ngumi ya mdomo. Yeye ndiye aliyenitia kwenye kazi ile. Miaka yote, kila tukigombana, alinitupia neno lilelile: "Weye njo ulimuua Papa. Kama haungekohoa, wangepita tu."

Kweli nilikohoa. Nilikuwa na miaka tisa. Wenye mishale na mapanga walikuwa wakichoma vijiji upande wa Kiambi, na Papa akatuchimbia shimo katikati ya majani marefu, akalifunika kwa matete. Siku ya tatu, mchana, tulisikia miguu. Kifua kikanishinda. Matete yakang'olewa, Papa akaruka nje, akawakumbatia wawili miguu ili sisi tukimbie. Mshale ulimwingia shingoni na bado hakuwaachia. Nikiwa nakimbilia mtoni na Mama na kaka, nilisikia panga likimkata mara tano. Nilizihesabu, Mungu anisamehe.

Katika mchezo, kwenye majani marefu, adui alipita hatua thelathini kutoka handakini bila kuona kitu. Nilirudia mara kumi, akapita mara kumi. Basi kaka alisema kweli: kikohozi changu ndicho kilichotufichua.

Hapo kaka mwenyewe akaacha kutafuna.

"Lakini pale kwetu mbele ya shimo palikuwa peupe," alisema polepole. "Toa majani."

Nikayatoa, mbele tu, kiasi cha ua mdogo wa nyumba. Alama nyekundu ikawaka adui akiwa umbali wa mita mia nne. Akaja moja kwa moja, akawamaliza wote wanne. Tukarudia. Wakafa tena, na tena. Waliomuua Papa walikuwa wametuona tangu wakiwa kilimani. Nilipokohoa walikuwa wameshafika.

Hatukuangaliana. Mwanamke wa kwetu hamsalimii mtu asubuhi kabla hajafagia mbele ya mlango wake, na Mama hakuwa na mlango ila lile shimo. Kila alfajiri, pale shimoni, alikata tawi, akang'oa majani, akafagia udongo mpaka ukang'aa. "Muntu hawezi kuishi pachafu sawa nyama ya pori," alituambia.

Wakati huohuo Mama aliingia kutoka jikoni akipangusa mikono. Akawaona wanne wamelala katika damu yao kwenye kioo cha kompyuta, akasimama.

"Walikuwa wamejificha?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa walionekana namna gani?"

Kaka alifungua mdomo. Nilimchukia wakati ule kuliko wale wenye mapanga, maana hajawahi kuweza kunyamaza. Nikamwahi.

"Mumoja alikohoa, Mama."

Alinishika kichwa kwa mkono wenye unga, akamgeukia kaka. "Uache kumusumbua. Alikuwa mutoto."

Kaka alitoka nje, nikamsikia akilia nyuma ya ukuta. Tangu siku ile hajanitupia tena neno lile. Sasa mimi ndiye ninayelisema, kila Mama akiuliza walituona namna gani.