Ejo ipi, Mama Esteri?

Funguo mpya zinamsumbua. Epifania Ininahazwe anajaribu wa kwanza, anajaribu wa pili, huku wanafunzi nyuma yake wakimtania kwamba mlango umemsahau. Wa tatu unakubali. Ndani kunanuka rangi, na mama huyu anasimama kizingitini akicheka peke yake.

"Nimerudi kwangu," anasema.

Ni Novemba 2014, na maktaba ya chuo kikuu kimoja kidogo nje ya mji wa Kasulu inafunguliwa baada ya mwaka mzima wa ukarabati. Paa halivuji tena. Lakini furaha ya Epifania, mhudumu anayepanga vitabu kwenye rafu, si ya paa peke yake. Mwaka huo wote hakujua kama angerudishwa kazini.

Chanzo ni neno moja tu.

Kabla ya paa kuezuliwa, vitabu vilikuwa vikihamishiwa bwaloni chini ya usimamizi wake. Vikabaki vya stoo ya nyuma. Hapo mama yake mzazi akalazwa hospitali ya Kabanga, naye akaenda kumuuguza. Akiwa wodini akampigia mlinzi wa chuo, mzee Pasikali Manirambona. Wote wawili wametoka katika familia zilizokimbia Burundi, na wakikutana ni Kirundi tu.

"Nikamuuliza, vile vya stoo vipi? Akanijibu, 'Ejo, Mama Esteri.' Salio likaisha, simu ikakata," anasimulia.

Kwa Kirundi, ejo ni jana, na ejo hiyo hiyo ni kesho. Maneno mengine ndiyo huonyesha ni ipi, na siku hiyo maneno mengine hayakuwepo. Epifania alisikia jana. Akashusha pumzi, akaomba simu ya jirani wa kitanda, akampigia mkutubi: vitabu vimetoka vyote, mafundi waendelee.

Mafundi wakaezua. Alasiri mvua ikamwagika, na mzee alikuwa amemaanisha kesho.

"Niliporudi nikafungua stoo, maboksi yalikuwa yanachuruzika. Nilikaa chini nikalia, sikuficha."

Mkutubi, Nickson, aliyehamishiwa huku kutoka Iringa, anakiri kwamba alikasirika sana. "Nilimwambia, mama, vikisomeka utarudi. Visiposomeka, sina la kukutetea."

Akapelekwa kudeki mabweni. Kila alipotoka huko, alirudi kwenye sebule yake iliyojaa vile vitabu, alivyovianika juu ya kamba za katani. Alitia magazeti katikati ya kurasa, akayabadilisha yalipolowa, kisha akapitisha pasi ya mkaa yenye moto hafifu, kama anayenyoosha sare za shule. Magazeti aliletewa na mzee Pasikali. Aliyatua mlangoni akaondoka.

"Yeye aliona aibu, na mimi niliona aibu. Tulianza kuchekana mama alipopona," anasema Epifania.

Vitabu vingine havikupona. Vingi vilipona, na juzi Nickson alimkabidhi funguo mkononi, bila hotuba.

Sasa Loyce, mwanafunzi wa ualimu, anachomoa kitabu kinene cha baiolojia ambacho kurasa zake zimejikunjakunja.

"Duh, hiki kimepigwa na maisha!"

Anakigeuza, anakifungua, anavuta kiti. Kalamu yake inaanza kunakili. Epifania anamtazama kwa muda mrefu, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kinasomeka," anasema polepole.

Ndoto yake sasa ni kujifunza kujalidi, maana boksi la mwisho bado liko sebuleni kwake, vitabu vizima lakini majalada yamebanduka. Nickson amekubali kumfundisha, na anauliza atalileta lini.

"Ejo," linamtoka.

Maktaba nzima inaitika kwa pamoja: "Ejo ipi, Mama Esteri?"

Anacheka hadi anaegemea rafu.

"Kesho! Kesho asubuhi. Na mzee Pasikali atanisaidia kubeba." Anawageukia wanafunzi. "Ila mkamwambie nyinyi, kwa Kiswahili."